Maswali ya wasomaji: Tommy nyekundu au dodo?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi na mume wangu tuna heka moja huku Kisesa tunataka kuweka miembe. Kijana anayeuza miche anatuambia tujaze Tommy shamba zima eti ndo nyekundu na ndo inayoenda nje, mume wangu yeye ni dodo tu, haelewi kingine. Tumekwama hapo mwezi sasa. Tuamue vipi?
Mama wa Kisesa

JIBU: Marahaba mama. Kwa hili niko upande wa baba, na sababu ninazo. Tommy Atkins ni embe ya Florida, Marekani, na kilichoifanya ijulikane dunia nzima ni ngozi yake ngumu, inasafiri mbali haichubuki, inakaa siku nyingi haijalainika, na ule wekundu unaita mteja toka mbali. Lakini ikate uone, nyuzi zipo na utamu haufikii wa dodo. Hiyo ni embe ya mtu ambaye tayari ana mnunuzi anayesafirisha, na mnunuzi huyo unamtafuta kabla hujachimba shimo sio baada ya miaka minne mti umeshazaa.

Sasa soko lako wewe ni Igoma, Buhongwa, Kirumba na Soko Kuu mjini Mwanza. Mteja wa pale haangalii rangi peke yake, anaishika embe, anaibonyeza kidogo na dole gumba, anainusa pale kwenye kikonyo, harufu ikikosekana anairudisha kwenye fungu anahamia kwa jirani yako. Hapo dodo inajiuza yenyewe, kubwa, ina nyama, ina juisi, na watu wanaijua tangu utotoni.

Tatizo la dodo ni moja tu ila ni kubwa, zinaiva zote kwa pamoja. Kuanzia Novemba mpaka Januari mji mzima ni embe, na malori ya Tabora nayo yanashusha, bei inaanguka unaona huruma. Ndo maana sikushauri ujaze dodo tupu. Kwa nafasi ya mita 10 kwa 10 heka yako inaingia kama miche 40, mimi ningeweka dodo 25, Keitt 10, na Apple 5. Keitt inachelewa, wakati dodo za watu zimeisha yako ndo kwanza inakomaa, na hapo unapanga bei wewe. Apple ni ile ya mviringo iliyotoka pwani ya Kenya, tamu sana, haina nyuzi, ila ni laini kwa magonjwa, ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, unaipenda wakati wa maua na mvua zikianza inapata madoa meusi, kwa hiyo usiweke nyingi kama huna bomba la kupulizia. Bolibo nayo nzuri ukipata mche wa uhakika. Sindano acha majirani wapande, watoto wanaipenda ila sokoni haikulipi.

Nunua miche iliyobebeshwa, yaani kitawi cha embe unayoitaka kimeungwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji, angalia kovu la kuungia pale juu kidogo ya udongo, liwe limeshika vizuri halichezi. Chipukizi lolote likitoka chini ya hilo kovu ling'oe, hilo ni la mwembe wa kienyeji. Mashimo sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza, upande vuli ikishakolea. Halafu Juni mpaka Septemba mwagilia, hasa miaka miwili ya kwanza, miche mingi huku kwetu inakufia kiangazi.

SWALI: Nina Keitt tatu, embe zimekuwa kubwa ila zimebaki kijani. Nimeuziwa mche feki?
Kijana wa Sengerema

JIBU: Hapana mdogo wangu, Keitt ndo ilivyo, inaiva na ukijani wake, saa nyingine inapata wekundu kidogo upande wa jua. Usisubiri rangi, itaozea mtini. Angalia mabega ya embe, yakishajaa na kupanda kuzidi pale kikonyo kiliposhikia basi imekomaa, chuma, weka ndani siku kadhaa italainika.

SWALI: Embe zangu nje safi, ukikata ndani funza watupu. Nipulizie dawa gani?
Mzee wa Magu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huyo ni nzi wa matunda, na yule msumbufu zaidi alitoka Asia, Afrika Mashariki ameonekana tangu 2003. Jike anatoboa ngozi anataga ndani, funza wakishiba wanashuka ardhini kugeuka nzi wapya, kwa hiyo kupulizia embe kwa nje hakuwafikii waliokwisha ingia. Kazi kubwa ni chini ya mti. Okota zilizodondoka zote, kila siku, usizitupe jalalani, zifukie shimo la zaidi ya nusu mita au zifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uzianike juani mpaka funza wafe. Ongeza mitego ya methili eujenoli, dawa ya kuvutia nzi, maduka ya pembejeo wanayo, ila ujue inakamata madume tu. Na ongea na majirani, maana ukisafisha peke yako nzi wao watahamia kwako. Ila kama mdudu yuko ndani ya kokwa, mweusi ana mdomo mrefu, huyo ni mwingine kabisa, ni fukusi wa kokwa, na yeye choma kokwa zote baada ya mavuno.

SWALI: Nimekula embe ya Kent tamu ajabu, nimepanda kokwa yake. Itazaa vilevile?
Dada wa Nyegezi

JIBU: Dada, usitegemee. Kent, Keitt na Tommy kokwa yake inatoa mche mmoja uliochanganya na mti mwingine, unaweza kungoja miaka 6 ukapata embe tofauti kabisa. Ila usiung'oe, shina likifika unene wa penseli mtafute fundi alibebeshe kitawi cha Kent yenyewe.