Mtoto anasaga meno usiku: kabla ya dozi nyingine ya minyoo, sikiliza anavyopumua

Mkuu, umesema mwanao wa miaka 5 anasaga meno usiku mpaka mnamsikia chumba cha pili, dawa ya minyoo keshakunywa na bado anasaga, sasa unauliza umpe tena au umpeleke kwa daktari wa meno. Nimelea wawili wenye tabia hiyo, na kila mmoja alikuwa na lake.

Dozi ya pili kwa ajili ya meno achana nayo. Habari ya minyoo kila mzazi kaambiwa na mtu mzima fulani, ila hakuna ushahidi thabiti kwamba minyoo ndiyo inayomsagisha mtoto meno. Dawa hiyo apewe kwa ratiba yake, au akionyesha dalili zenyewe, kama kujikuna sehemu ya haja kubwa usiku.

Wa kwanza wangu alisaga kwa vipindi, na alizidisha alipoanza shule. Daktari wa meno alimmulika mdomoni akatuonyesha: meno ya mbele yamelika ncha, magego yamekuwa bapa. Hata hivyo hakuwa na maumivu wala jino lililopasuka. Nikauliza habari za kile kifaa cha plastiki wanachovaa watu wazima wakilala. Akasema kwa umri ule hapana, taya linakua na meno yanabadilika, kifaa kitambana kabla hakijamsaidia. Meno ya utoto huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi na huendelea mpaka karibu 12, na watoto wengi huacha kusaga humo katikati. Naye aliacha hivyohivyo, bila dawa yoyote.

Mdogo wake ndiye aliyetushughulisha. Huyu alikuwa analala mdomo wazi, shingo kaipinda nyuma, mto umelowa udenda. Anakoroma, ananyamaza ghafla, anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama aliyeibuka kwenye maji, halafu ndipo meno yanaanza: krr, krr. Mchana ana hasira za ajabu, na usingizi wa usiku kucha haumtoshi. Nilimrekodi kwa simu, na ile rekodi ndiyo iliyomfanya daktari atuandikie twende kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kumbe nyama za puani zilikuwa zimekua zikabana njia ya hewa. Alianzishiwa dawa ya kupuliza puani, ikasaidia kidogo, baadaye zikatolewa. Kukoroma kuliisha. Kusaga kulipungua sana, ingawa akiwa na mafua mpaka leo utamsikia mara mojamoja.

Kwa hiyo usiku huu kaa naye kitandani akishazama usingizini, acha meno kwanza, sikiliza pumzi. Anakoroma usiku mwingi hata asipokuwa na mafua? Pumzi inakatika? Mrekodi, video iwe na sauti, uipeleke hospitali mapema. Kama anapumua vizuri, mdomo umefungwa, na asubuhi anaamka mchangamfu, huna haja ya kukimbizana. Mwonyeshe daktari wa meno kwa utaratibu wa kawaida, ila uwahi kama analalamika taya au kichwa kila akiamka, maji ya baridi yanamchoma, au jino limemeguka. Na kama kuna dawa anayotumia kila siku, itaje, maana zipo zinazoweza kuchochea kusaga, zikiwemo baadhi ya zile za watoto wasiotulia. Usimkatishe mwenyewe.

Wapo watakaokwambia umwamshe kila akianza. Mimi naona unamharibia usingizi bure, na usingizi mbovu wenyewe unachangia. Wala asubuhi usimseme, hajui alichofanya. Sisi tulichobadilisha ni saa ya mwisho kabla ya kulala: katuni zinazimwa, michezo ya kurukaruka inakoma, anaoga, tunapiga soga kitandani. Yule mkubwa hapo ndipo alipotuambia kuna mtoto anamsumbua darasani, jambo ambalo mchana hakuwahi kuligusa.