Maswali ya Wasomaji: Nimemwacha Mungu, Je, Naye Ameniacha?

Barua za safari hii, nyingi kutoka Bagamoyo mjini na Kaole, zinauliza jambo moja: Mungu humfanya nini mtu aliyevunja ahadi? Tumejibu kwa kitabu cha Hosea, nabii wa Israeli ya kaskazini katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Aliamriwa amwoe Gomeri, mwanamke asiyetulia katika ndoa, ili yanayompata nyumbani kwake yaonyeshe yanayompata Mungu kwa watu wake.

*Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu alishikwa na degedege, tukampeleka kwa mganga. Tulichinja kuku, mtoto akafungwa hirizi, na sasa ni mzima. Tangu hapo sipokei komunyo, naona Mungu amenifuta. Je, nibatizwe upya? – Mama, Dunda*

Milele na milele, amina. Hukufutwa, mama, na hutabatizwa upya. Ubatizo haurudiwi, kwa sababu ahadi ya pale kisimani ilikuwa ya Mungu kabla haijawa yako, na yeye hakuivunja. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba sisi tukikosa uaminifu, yeye hudumu mwaminifu, maana hawezi kujikana mwenyewe (2 Timotheo 2:13).

Ila kurudi kuna namna yake, na hapo ndipo wengi wanakwama. Soma Hosea 6:1-3. Watu wanasema maneno matamu: njoni tumrudie Bwana, siku ya tatu atatuinua. Mungu anawajibu katika mstari wa 4 kwamba wema wao ni wingu la asubuhi. Kwa nini anawakatalia? Tazama toba yao vizuri: haina hata kosa moja lililotajwa. Wanataka kuponywa tu. Sasa fungua 14:1-3. Hapa wanaambiwa waje na maneno, kisha wanataja kila walichokitegemea badala ya Mungu: Ashuru (dola kubwa ya wakati ule), farasi, kazi ya mikono yao. Mara moja, mstari wa 4, Mungu anasema atawaponya na kuwapenda kwa moyo mkunjufu.

Kwa hiyo mwone padre kabla ya misa, usingoje Pasaka, uombe kitubio. Usiseme tu “nimekosa mengi.” Sema: nilikwenda kwa mganga, nilichinja kuku, mwanangu amevaa hirizi. Sema pia ulichoogopa. Hirizi ivuliwe, ukiogopa kuigusa, mwombe padre au katekista awepo. Kama uliambiwa kwamba ukiivua ugonjwa utarudi, jibu la hofu hiyo ni sala pamoja na zahanati. Homa ikianza, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akikutwa nayo na kupewa dawa mseto, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata akichangamka siku ya pili. Degedege ikirudi, ni hospitali moja kwa moja. Katika Hosea 2:8 Mungu analalamika kwamba mkewe, yaani Israeli, hakujua nafaka, divai na mafuta vilitoka kwake. Na uzima wa mwanao umetoka kwake, hata siku ile ulipomshukuru mwingine.

*Hosea alimnunua mkewe. Bei ile ina maana gani? – Mwanakwaya, Kaole*

Hosea 3:2 inataja vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Homeri na efa ni vipimo vya kale vya nafaka, na homeri moja ni efa 10 (Ezekieli 45:11), basi shayiri ilikuwa efa 15. Fedha kidogo, nafaka ya kujazia: inaelekea mtu huyu hakuwa na fedha ya kutosha, akatoa alichokuwa nacho ghalani. Nyinyi wa Bagamoyo mnaelewa neno kukomboa kuliko wengi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakalipia watu waliokuwa watumwa na kuwapa makazi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wametekwa bila kosa. Hosea alimlipia mke aliyekuwa wake tangu mwanzo na aliyeondoka mwenyewe. Fikirini hilo mnapoimba nyimbo za Ijumaa Kuu.

*Mume wangu ana wanawake wengine na hunipiga. Wenzangu kanisani wananiambia nivumilie kama Hosea. – Mama, Magomeni, Bagamoyo*

Pole sana, mama. Wanaokuambia hivyo wanakitumia kitabu vibaya. Hosea alipewa agizo la kinabii, la mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna mahali Biblia inapoligeuza kuwa sheria ya ndoa. Tena katika kitabu kile anayevumilia ndiye mwenye nguvu, na hakuna anayeamriwa akae chini ya kipigo. Hata Gomeri aliporudishwa kulikuwa na masharti: siku nyingi za kukaa bila mwanamume yeyote (3:3). Upendo wa Mungu hausemi hakuna kilichotokea. Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, ilianguka mwaka 722 kabla ya Kristo, na Mungu aliyewalilia Efraimu (ndiyo Israeli hiyo) katika sura ya 11 hakuzuia anguko hilo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzake. Akikupiga, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3 uende nayo hospitali. Ukiwa na jeraha kubwa, anza na hospitali. Kapime virusi vya UKIMWI, urudie baada ya miezi 3. Kusamehe unaweza kuanza leo moyoni. Kurudi kulala chumba kimoja ni jambo jingine, na linangoja toba inayoonekana kwa matendo.

*Jumuiya yetu hukutana mara moja kwa wiki. Tusomeje Hosea? – Katekista, Kaole*

Sura ni 14, wiki 4 zinatosha: sura 1-3, kisha 4-8, kisha 9-11, mwisho 12-14. Wengi huishia sura ya 3 kwa sababu kisa cha Gomeri kinaishia hapo, wakabaki wanamjadili mwanamke mmoja. Ndiyo maana wiki ya pili isirukwe. Katika 4:14 Mungu anasema hatawaadhibu mabinti kwa uzinzi, kwa kuwa wanaume wenyewe huenda kando na makahaba. Mstari huo mpeni mwanamume ausome kwa sauti, kisha wanaume waanze kuchangia.