Maswali ya Wasomaji: Mzigo wa Hija ya Miguu

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kigoma. Mwezi Oktoba nitahiji kwa miguu nchini Hispania, kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, mji wa hija wa Wakristo. Sijawahi kutembea mwendo mrefu hivyo. Nijiandae vipi na nibebe nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa nia hiyo. Njia hiyo inazidi kidogo kilomita 100, umbali wa chini unaotakiwa kwa anayekwenda kwa miguu ili apewe cheti cha hija.

Anza na viatu, kwani vitu vingine karibu vyote waweza kuvinunua njiani, lakini viatu vipya vikikuchubua siku ya kwanza, utaumia hadi mwisho. Vinunue sasa, vizidi kidogo kipimo chako kwa sababu miguu huvimba, kisha uvizoee kwa kutembea kutoka mjini hadi Ujiji na kurudi, begi likiwa mgongoni na limejaa kama litakavyokuwa safarini.

Begi hilo lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako: mwenye kilo 60 abebe kilo 6. Nguo za kubadilisha mara mbili zinatosha, zisiwe za pamba, maana Galicia, jimbo utakalopita, ina mvua nyingi majira hayo na pamba ikilowa haikauki upesi. Koti la mvua ni la lazima. Khanga, kwa maoni yangu, inashinda taulo lolote. Chukua pia tochi, kwa kuwa huko mwezi Oktoba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi.

Visa ya Schengen, yaani ya kuingia Hispania na nchi nyingi za Ulaya, iombe mapema.