Shangazi kauliza mbona Wajapani hawashikani mikono

Shikamoo shangazi. Ile meseji yako ya jana kwenye grupu nimeisoma nikiwa kwenye treni, kwamba eti Wajapani corona haikuwamaliza kwa sababu hawashikani mikono, na sisi Ujiji na salamu zetu ndefu tungeisha. Nikwambie ukweli, nusu umepatia.

Huku Nagoya, Japani, mtu anakuinamia tu basi, viatu mlangoni, na barakoa hawakuanza na corona, wanazo tangu mafua makubwa ya 1918, mtu akikohoa kidogo keshaivaa hajaambiwa. Aprili 2020 serikali ikatangaza hali ya dharura lakini faini ya kumpiga mtu anayezurura hamna, walisema tunaomba mkae ndani na watu wakakaa, wanaogopa jicho la jirani na hilo jicho shangazi ni kali kuliko mgambo wa soko. Sa angalia Italia, nao wamejaa wazee, ila kule ni mabusu ya mashavu na bibi kazungukwa na wajukuu, hadi mwisho wa Juni 2020 walishazika zaidi ya 30,000, Japani hata 1,000 hawajafika. Sio mila peke yake, najua, mambo yalikuwa mengi.

Nusu ya pili ndo hamuambiwi. Jicho hilohilo linamleta mgonjwa kazini. Mwenzangu wa zamu kaja na homa, kavaa barakoa mbili, anatetemeka pale kwenye mashine, namwambia nenda kalale anasema atawaachia wenzake mzigo. Wiki ile tukaanguka sita kwa mafua. Na Januari 2023, barakoa bado wanazo usoni, corona iliondoka na watu zaidi ya 10,000 kwa mwezi mmoja tu.

Mi nililala siku nne chumbani peke yangu. Siku ya pili kengele ikalia, najikokota kufungua hamna mtu, kwenye kitasa kuna mfuko, ndani uji wa mchele na kikaratasi kwamba nipumzike nisijisumbue kushukuru. Ni wema, sikatai, ila uji ule niliunywa nalia.

Na kwetu tusijisifie. Unakumbuka 2015 wakimbizi wa Burundi walivyojazana Kagunga, kile kijiji cha Kigoma mpakani na Burundi, kipindupindu kikapiga maelfu ya watu, na wewe ukagombana na bwana afya pale msibani eti kila mtu ale sahani yake, ukamuuliza tangu lini wafiwa wakala kama wageni wa hoteli? Shangazi, alikuwa sahihi yule kijana. Kipindupindu hakimfuati mtu kwenye mwakeye, ile salamu yetu ya Kiha, kinamfuata kwenye sinia ambalo mikono kumi imeingia na miwili tu ndo imenawa. Ila mdogo wangu alipoharisha usiku ni nyie nyie wa sinia moja mliompakia kwenye bodaboda katikati yenu mpaka zahanati, hamna aliyeuliza ataambukizwa.

Nikija Desemba inshallah tutasalimiana mpaka uchoke, ila chakula niwekee sahani yangu, na usininunie.