Gonpachi ya Tokyo na Kill Bill

Umesikia kwamba yale mapigano ya upanga ya filamu ya Kill Bill (2003) yalirekodiwa kwenye mgahawa wa Gonpachi? Hapana ndugu yangu, hayakurekodiwa hapo. Mgahawa huo wa mtaa wa Nishi-Azabu, Tokyo, ulimpa mwongozaji wa filamu hiyo, Tarantino, wazo tu. Seti yenyewe ilijengwa studio huko Beijing. Ila ukiingia Gonpachi utaitambua mara moja: ukumbi wazi katikati na roshani ya mbao inayouzunguka kwa juu. Weka nafasi mapema, uombe meza ya juu, ukingoni kabisa, uwaone wapishi wakigeuza mishikaki ya kuku kwenye mkaa. Tambi za soba agiza mwishoni, ndivyo Wajapani wenyewe wanavyofunga mlo. Rais wa Marekani wa wakati huo, George W. Bush, na Waziri Mkuu wa Japani, Koizumi, walikula hapo 2002, kwa hiyo usitegemee bei za mama ntilie.