Mliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, thibitisheni kwanza mlikokubaliwa

Wadogo zangu, kila mwaka vyuo vya Marekani vinapomaliza kutoa majibu mwishoni mwa Machi, mimi hupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa waombaji wapya: hawakukubaliwa, hawakukataliwa, wamewekwa kwenye orodha ya kusubiri, na wanauliza wafanye nini. Huwajibu kwa subira. Juma lililopita subira hiyo iliisha, kwa sababu kijana mmoja ninayemsaidia alinieleza kwa fahari kwamba ameiandikia ofisi ya udahili barua 4 katika siku 9, na kwamba mjomba wake amepiga simu mara 2 kuulizia. Nilipomwuliza kama amethibitisha nafasi katika chuo kilichomkubali, alinyamaza kidogo, kisha akasema hataki kukata tamaa mapema. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2020, nikayalipia, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

1. Kubali kusubiri. Kupewa nafasi kwenye orodha si sawa na kuwemo kwenye orodha, kwa kuwa vyuo vingi hukutaka uingie kwenye akaunti yako ya mwombaji na ujibu ndiyo kabla ya tarehe fulani, na asiyejibu huondolewa bila kuambiwa. Yupo niliyemfahamu aliyetunga barua nzuri kabisa ya kuonyesha nia, akaituma kwa chuo ambacho kilikwisha kumfuta majuma 2 kabla.

2. Barua ni moja, ya ukurasa mmoja, yenye jambo jipya. Gredi mpya ni jambo jipya. Mapenzi yako kwa maktaba yao si jambo jipya, maana ulikwisha kuyaeleza kwenye esei. Kama chuo hicho ndicho chaguo lako la kwanza, sema hivyo waziwazi, na usikiambie chuo kingine maneno hayohayo. Kisha nyamaza, isipokuwa wenyewe wameomba taarifa zaidi. Wajomba wapewe kazi nyingine.

3. Hii si foleni. Mara nyingi swali la "mimi ni wa ngapi?" halina jibu, kwa sababu vyuo vingi haviwapangi wanaosubiri kwa namba, husubiri tarehe 1 Mei, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha, ipite, huhesabu waliothibitisha, huangalia ni wapi wamepungukiwa, ndipo wachague wa kuziba pengo hilo. Ukitaka kujua tabia ya chuo, tafuta takwimu zake za kila mwaka zinazoitwa Common Data Set, sehemu C2, uone ni wangapi walipewa nafasi ya kusubiri, wangapi waliikubali na wangapi walichukuliwa hatimaye. Soma miaka kadhaa, si mmoja, kwa kuwa chuo kilichochukua watu wengi mwaka huu kinaweza kutochukua hata mmoja mwaka ujao. Miaka ya misukosuko ndiyo huwapa wanaosubiri matumaini makubwa zaidi, kwa hoja kwamba wengi watajitoa na nafasi zitafunguka. Hoja hiyo haina kosa. Kosa ni kuishi juu yake, kama nilivyoishi mimi.

4. Thibitisha nafasi katika chuo kilichokukubali, ulipie, kisha ndipo uendelee kusubiri. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2020 nilikubaliwa na chuo kimoja kidogo kilichonipa ufadhili wa sehemu kubwa ya ada, na nikawekwa kwenye orodha ya kusubiri na chuo kingine nilichokuwa nakipenda kuliko nilivyokifahamu. Katikati ya Machi kampasi zilianza kufungwa kwa ajili ya korona, na tarehe 20 mwezi huo balozi za Marekani zilisitisha huduma za kawaida za viza duniani kote. Katika hali hiyo vyuo vingi viliisogeza tarehe ya kuthibitisha kutoka 1 Mei hadi 1 Juni. Niliiona orodha ya vyuo hivyo, ilikuwa ndefu, na urefu wake ulinitosha kama ushahidi. Sikuteremka kutafuta jina la chuo kilichonikubali, kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba limo. Halikuwemo.

Lakini tarehe haikuwa sababu pekee. Niliamini pia kwamba kuthibitisha ni usaliti, kwamba ofisi ya chuo nilichokipenda ingepata habari kwa njia fulani na kusema, huyu amekwisha kwenda kwingine, mtoeni. Ukweli ni kwamba hao hao ndio walionishauri nithibitishe kwingine. Ushauri huo ulikuwa kwenye aya ya tatu ya barua yao, barua niliyoisoma labda mara 20, na kila mara jicho langu liliiruka aya hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye ile ya mwisho iliyosema kwamba maombi yangu yaliwavutia. Kinacholaumiwa katika udahili ni kulipia nafasi katika vyuo 2 kwa wakati mmoja. Kulipia kimoja huku ukisubiri kingine ni utaratibu wa kawaida, na kila mtu ofisini anaujua.

Usiku wa tarehe 3 Mei niliingia kwenye akaunti ya kile chuo kidogo ili nipakue barua ya ufadhili. Pale palipokuwa na kitufe cha kuthibitisha palikuwa na mstari mmoja wa kijivu uliosema kwamba muda wa kujibu umepita. Nilipakia ukurasa upya. Nilijaribu kivinjari kingine, kisha nikaazima simu ya dada yangu, kana kwamba kosa lilikuwa la simu. Halafu nikafungua barua pepe, na hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyojifunga mwenyewe: mwezi mmoja kabla nilikuwa nimeweka kichujio ili barua za chuo nilichokipenda zikae juu na kulia mlio wa pekee, na barua nyingine zote za vyuo ziende kwenye folda moja ambayo sikuifungua. Mle ndani kulikuwa na vikumbusho 3 kutoka chuo kilichonitaka. Cha mwisho, cha tarehe 30 Aprili, kilikuwa na anwani ya ofisa wao na ombi kwamba kama nina shida ya malipo niwaambie tu.

Niliandika usiku ule ule. Ofisa alinijibu baada ya siku 2 kwamba nafasi wanaweza kunirudishia, ila fedha za ufadhili zimekwisha kuahidiwa mwombaji mwingine aliyekuwa akisubiri. Aliandika kwa upole mwingi, na upole huo uliniuma kuliko ukali, kwa sababu sikupata mtu wa kumkasirikia. Nilimficha baba kwa siku 6. Nilipomwambia, aliuliza swali moja tu: "Na hicho kingine kimesemaje?" Hicho kingine kilisema mwishoni mwa Juni kwamba kimefunga orodha. Mlio wa pekee ulilia, nikaisoma barua yenyewe nikiwa jikoni nimesimama, na mwaka huo sikwenda popote. Niliomba tena, nikaingia chuo cha tatu mwaka 2021 kwa ufadhili mdogo zaidi.

Mwaka 2024, fomu ya msaada wa fedha ya FAFSA ilipochelewa na vyuo vingi vikasogeza tena tarehe, niliona watu wakisambaziana orodha zilezile kwa furaha ileile. Kiulize chuo chako, kwa maandishi, na uhifadhi jibu. Kama malipo ya kuthibitisha yanakushinda, omba usamehewe au uongezewe muda; vyuo vingi vina utaratibu wa jambo hilo.

5. Uliza habari za fedha kabla simu haijalia. Vipo vyuo ambavyo katika raundi ya kawaida haviangalii uwezo wako wa kulipa, lakini vikifika kwenye orodha ya kusubiri huuangalia, na vipo vinavyokuwa vimebakiwa na fedha kidogo tu. Ukichukuliwa unaweza kutakiwa ujibu ndani ya siku chache, kwa hiyo kaa na wazazi sasa mkubaliane kiwango ambacho kikizidi mtasema hapana.

6. Mnaotoka nje ya Marekani, anzeni mambo ya viza kwa chuo kilichowakubali, msingoje orodha. Fomu ya I-20, ile ambayo chuo hukupa ili uombe viza ya mwanafunzi, ikitoka chuo kimoja haikutoshi kwa chuo kingine, hivyo ukihama utahitaji mpya, ila ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa nje, uliyokwisha kulipa inaweza kuhamishiwa. Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisitisha kwa majuma kadhaa upangaji wa miadi mipya ya mahojiano ya viza za wanafunzi, na waliokwisha kupata miadi hawakuguswa na agizo hilo. Msikimbilie kuvunja mipango pia: agizo la tarehe 6 Julai 2020, lililowazuia wanafunzi wa nje kubaki nchini humo kama masomo yao yote yangekuwa ya mtandaoni, liliondolewa tarehe 14 Julai, na namfahamu aliyeahirisha masomo yake tarehe 8.

Yule kijana wa barua 4 alinitumia jana picha ya risiti, dola 300, imelipwa siku 2 kabla ya mwisho. Aliyelipa ni mjomba. Nimemwambia amshukuru sana kwa niaba yangu, na amwombe kwa heshima zote asipige tena simu kule ofisini.