Mipira inaruka uzio na kiwiko kinauma

Pole dada, naona umeanza tenisi, mipira inaruka uzio na kiwiko kinakuuma. Mwanzoni karibu kila mtu anarusha mipira nje ya uzio, hilo lisikutishe. Tafuta mipira yenye nukta ya kijani, ina mwendo pungufu kwa takriban robo. Wewe na mwenzio simameni ndani ya maboksi ya sevu, yale yanayopakana na wavu, mpigiane taratibu. Sevu yenyewe, yaani pigo la kuanzisha mchezo, iache kwanza.

Tazama uso wa raketi unapogusa mpira: ukielekea juu, mpira nao utapaa, hakuna uchawi. Shika mpini kama unampa mtu mkono, bila kuukaba. Kuukaba ndiko kunakochosha kiwiko. Pumzika siku kadhaa. Kikiendelea kuuma hata unapoinua kikombe, muone daktari kabla ya kurudi uwanjani.